Dume wa Dopa, majike wa kienyeji na nyasi za mbugani

BARUA

Shikamoo mzee wangu,

Naandika kutoka Nzega, hapa hapa mkoani Tabora. Nimeolewa katika nyumba ya wafugaji. Ng'ombe ni wa baba mkwe na wanaume, kondoo ndio niliokabidhiwa mimi. Nilianza na majike 22 wa kienyeji, wale wa mkia mnene, wengi rangi ya udongo na wachache wa mabaka. Walikuwa wadogo wa umbo lakini hawakunisumbua.

Mwaka 2021 mimi na shemeji yangu tulichanga fedha tukanunua dume la Dopa (Dorper), kondoo wa nyama wa kigeni, mwili mweupe na kichwa cheusi. Mzee, watoto wake wa kwanza walikuwa wa kupiga picha. Mwanakondoo wa miezi sita alikuwa anamkaribia mama yake kwa uzito, na wachuuzi wa mnadani walikuja kunifuata nyumbani. Mtoto wangu mkubwa aliingia sekondari kwa fedha ya kondoo hao. Madume chotara niliuza wote, majike chotara nikawabakiza wawe mama wa kesho. Dume nikaendelea na yule yule, kwa sababu bado alikuwa na nguvu na fedha ya kununua mwingine sikuwa nayo.

Taabu ilianza masika ya mwaka juzi kidogo kidogo, na masika hii iliyoisha imenivunja moyo kabisa. Nina daftari, naandika. Kuanzia Desemba hadi Machi walizaliwa wanakondoo 26. Waliozaliwa na majike wa zamani walikuwa 10, wakafa 3. Waliozaliwa na majike chotara walikuwa 16, wakafa 14. Majike chotara wakubwa nao wamekufa watatu, mmoja na mimba yake. Wanaanza kwa kubaki nyuma ya wenzao njiani, halafu chini ya taya panavimba kama pamejaa maji, siku mbili tatu wanalala hawaamki tena. Wanaoharisha ni wachache. Dawa ya minyoo nawapa, albendazole, kila mwezi, kundi zima, kizibo kimoja kimoja, na wadogo nusu kizibo.

Kuhusu malisho: zamani tulichunga juu, kwenye luseni, ile ardhi ya kichanga, penye vichaka na migunga. Eneo lile sasa limelimwa lote, mahindi, karanga na alizeti. Kwa hiyo huu mwaka wa tatu tunashuka mbugani, kandokando ya majaruba ya mpunga. Nyasi za huko ni za kijani na hazikauki upesi, nikaona tumepata bahati. Watoto huwafungulia saa moja asubuhi kabla hawajaenda shule, mchana jua likiwa kali wanarudi kivulini, jioni wanatoka tena kidogo.

Shemeji anasema damu ya Dopa imechuja, tununue dume mwingine safi zaidi. Baba mkwe anasema kondoo wa kuja si wa nchi hii, niuze wote nirudi kwa wa kienyeji. Mume wangu amenyamaza. Mzee, kati yao nani ana haki? Na ile mbuga niiache? Nikiiacha niende wapi?

Mama wa Daftari, Nzega

JIBU

Marahaba mwanangu, na mwangaluka kwa wote hapo nyumbani.

Pole sana. Wanakondoo 17 katika msimu mmoja ni ada ya shule, ni mboga, ni heshima ya mtu mbele ya wakwe zake. Lakini umefanya jambo ambalo wafugaji wengi wa mamia ya kondoo hawalifanyi: umeandika mwanakondoo alizaliwa na nani. Ungeniandikia tu kwamba wamekufa 17 kati ya 26, ningebaki kubahatisha. Sasa nina pa kuanzia.

Tazama namba zako mwenyewe. Majike wa zamani na majike chotara wanachungwa pamoja, kwenye mbuga ile ile, wanakunywa dawa ile ile, wanapandwa na dume yule yule. Kwa wale wa zamani wamekufa watatu katika kumi. Kwa chotara wamekufa 14 katika 16. Kama muuaji angekuwa mbuga peke yake, vifo vingekaribiana. Kama angekuwa Dopa peke yake, wale kumi nao wangeisha, maana baba yao ni huyo huyo. Kwa hiyo baba mkwe ana neno, na shemeji ana neno, ila kila mmoja ameshika upande mmoja tu wa jambo.

Yametokea mambo matatu kwa pamoja, na kwa kuwa yamekuja pamoja hamkuweza kuyatenganisha. Mmeongeza damu ya Dopa. Dume amewapanda binti zake. Na malisho yamehama kutoka luseni kwenda mbugani.

Nianze na damu. Mtoto wa kwanza wa Dopa na jike la kienyeji ana nusu kwa nusu, na huyo ndiye mwenye nguvu kuliko wote, kwa sababu koo mbili zisizo na undugu zikikutana mtoto hupata msukumo wa uchotara: hukua haraka, hunyonya kwa nguvu, hupona kirahisi. Ndio uliowaona wewe mwaka wa kwanza, na ndio waliowatia moyo. Binti wa nusu damu akipandwa tena na Dopa, mtoto ana robo tatu ya Dopa na robo moja tu ya kienyeji. Ule msukumo unapungua kwa nusu, na ule uhodari alioutoa kwa bibi yake wa mkia mnene unabaki kidogo. Shemeji akisema damu imechuja, amelisoma jambo kinyume. Damu ya Dopa katika kundi lako imezidi. Dume mwingine safi atawapa wajukuu wenye sehemu saba kati ya nane za Dopa, na hao mbugani kwenu sioni watakavyofika Aprili.

Halafu kwako robo tatu hiyo imekuja na jambo la pili, na hili naomba usilione aibu, linatokea karibu kila zizi nililowahi kuingia. Baba amezaa na binti zake. Kondoo hawana mwiko, mwiko ni wetu sisi wenye zizi. Udhaifu uliokuwa umejificha katika damu ya dume hukutana na wenzake katika mtoto wa namna hiyo, na dalili zake ni kuzaliwa mdogo, kunyonya kivivu, kuugua ugonjwa ambao mwenzake ameupita. Dume hapaswi kukaa zizini kufikia siku binti zake wanapoanza kupandwa, na kondoo jike aliyeshiba huweza kushika mimba akiwa na miezi saba au minane tu. Ndiyo kusema dume mmoja ana mwaka mmoja hivi kwako, kisha unabadilishana na mfugaji wa mbali. Kubadilishana hakuhitaji fedha ya ng'ombe.

Sasa mbuga. Hapa nitakaa kidogo.

Watu wanasema Dopa ni kondoo wa shida, na ni kweli, lakini waulize shida ipi. Dopa alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kumpandisha kondoo wa Dorset Horn wa Uingereza na yule mweusi kichwa ambaye asili yake ni upande wa Wasomali. Walimtaka kondoo wa nyama wa kuishi kwenye nyika kame. Anavumilia jua, anakula majani ambayo kondoo wa Ulaya angeyakataa. Ukame wa namna hiyo una fadhila moja kubwa: minyoo ni michache, kwa sababu mayai na viluwiluwi vyao hukaukia juani. Mbuga ya Nzega mwezi Februari si nyika kame. Ni tope, umande, joto na nyasi laini, na huko mnyoo ndiye mwenyeji.

Huyo mnyoo wataalamu humwita Haemonchus contortus. Anaishi katika tumbo la nne la kondoo na chakula chake ni damu. Jike mmoja wa mnyoo hutaga maelfu ya mayai kwa siku, mayai yanatoka na kinyesi, na kwenye joto na unyevu yanaangua na kufikia kuambukiza ndani ya wiki moja hivi. Mnyoo mmoja hunyonya kama sehemu moja ya ishirini ya mililita kwa siku. Ni kidogo. Lakini minyoo elfu moja inachukua mililita 50 kila siku, na mwanakondoo wa kilo 12 hana hata lita moja ya damu mwilini. Ule uvimbe chini ya taya ulioueleza ndio alama yake: damu imekuwa nyepesi mpaka maji yake yanavuja na kukusanyika pale chini. Na kwa kuwa mnyoo huyu hasumbui sana utumbo, mnyama haharishi, ndiyo maana watu wengi hawamshuku.

Kondoo wetu wa mikia minene wamekutana naye vizazi na vizazi. Aliyeshindwa alikufa bila kuacha mtoto, aliyeweza akazaa. Jambo hili limepimwa kwa ndugu yao, kondoo mwekundu wa Kimasai. Miaka ya 1990 watafiti waliwafuga huko Diani, pwani ya Kenya, kwenye unyevu na minyoo mingi, pamoja na Dopa. Wekundu walipoteza wanakondoo wachache zaidi, walitoa mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, na kundi lao likazalisha kuliko la Dopa ingawa kila mmoja wao ni mdogo wa umbo. Sehemu kame za bara pengo hilo likapungua sana. Kondoo ni wale wale, malisho ndiyo yaliyogeuza hesabu.

Wenzetu wa Kenya walilipia somo hili. Katikati ya miaka ya 1970 Dopa walisambazwa kwa ruzuku katika maeneo ya wafugaji, wala hakuna aliyewaelekeza namna ya kuendesha uchotara usipitilize. Wafugaji wakaendelea kupandisha Dopa juu ya Dopa, na baadaye katika sehemu nyingi ikaonekana hawafai, huku kondoo mwekundu safi akiwa ameshaanza kuwa adimu. Nakueleza hili kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe, nilipokuwa kazini, niliwahi kumshauri mtu anunue dume mkubwa bila kumuuliza anachungia wapi. Niliangalia mgongo wa dume, sikuangalia nyasi. Yule mtu alibaki na kondoo wanne.

Tufike kwenye la kufanya, na la kwanza ni la wiki hii. Mtenge dume. Leo ni Juni. Akibaki na majike sasa watazaa Novemba, jike akiwa ametoka kwenye kiangazi hana maziwa, na mtoto ataanza kula nyasi Januari, minyoo ikiwa katika kilele. Huyo dume umemaliza naye. Mrudishe kwa shemeji, au muuzeni mgawane. Wanakondoo madume waliobaki wahasiwe mapema, usimwache hata mmoja kwa kumwonea huruma.

Dume mpya tafuta kati ya sasa na Novemba, na awe wa kienyeji. Si yeyote wa mnadani. Mnadani mtu hupeleka anayetaka kumwondoa. Nenda kwa mfugaji ambaye zizi lake unalifahamu, mbali na kwenu, awe anachungia kwenye majimaji kama ninyi na kondoo wake wanapona. Muulize dume huyo alizaliwa mwezi gani na mama yake amezaa mara ngapi. Aliyezaliwa Januari akavuka masika yote bila kudhoofika ameshafanya mtihani. Mtazame utando wa ndani ya kope, uwe mwekundu. Shika mkia, uwe mnene hata Septemba, maana mkia ule ni ghala: anayeingia kiangazi na mafuta mkiani anakula akiba yake majani yakiisha. Dopa mkia huo hana. Korodani ziwe mbili, sawa, ngumu kiasi. Kisha ukubwa wa mwili, mwisho kabisa. Ukiweza kumpata mwekundu wa Kimasai kutoka kwa wafugaji wa Kimasai waliohamia mikoa yetu ni vizuri pia, ila akae peke yake wiki tatu kabla ya kuingia kundini, apewe dawa na achunguzwe, tusije tukaleta sotoka ya mbuzi na kondoo pamoja na mbegu.

Sasa baba mkwe asifurahi mapema. Kuuza chotara wote ni kutupa mtaji. Majike waliobaki wa nusu damu wana miili, wana maziwa, na wakipandwa na dume wa kienyeji asiye ndugu, mtoto atakuwa na robo ya Dopa tu na lile tatizo la undugu linaisha kwa mzao mmoja. Hao ndio nawaona wakikufaa: wakubwa kidogo kuliko wa zamani, wenye mkia, wenye uvumilivu. Anayedhoofika kila masika ndiye wa kuuza, na daftari litakwambia ni yupi.

Na Dopa bado ana kazi. Kama shemeji anamtaka dume safi, amnunue yeye, amchunge juu kwenye makavu. Wewe kila mwaka mpelekee majike wako wachache, watano au sita, wakubwa wa mwili na waliokwisha kuzaa mara mbili, wapandwe, na watoto wao wote, jike kwa dume, waende sokoni. Hakuna anayebaki kuwa mama. Jike mdogo wa mimba ya kwanza usimpeleke huko, mtoto wa Dopa huwa mkubwa na anaweza kumkwama.

Sasa majira. Kwetu mvua ni moja, inaanza Novemba na kukata Aprili. Dume mpya muingize mwanzoni mwa Desemba, baada ya majike kula majani mapya wiki tatu hivi. Jike anayenenepa wakati wa kupandwa hushika mimba upesi na mara nyingine hutoa mapacha. Akae nao wiki sita. Jike hurudia joto kila siku 17, kwa hiyo atapata nafasi mbili mpaka tatu. Dume mmoja mzima anawatosha majike 25 hadi 30. Wako ni zaidi kidogo, basi wale watano sita wa shemeji watapunguza mzigo. Baada ya hapo mtoe, au kama hana pa kukaa mfunge kipande cha ngozi tumboni kininginie mbele ya uume asiweze kupanda, kama Wamasai wafanyavyo.

Mimba ni miezi mitano kasoro siku chache. Watazaa Mei. Fikiria Mei ilivyo: mama ametoka kwenye majani, ana maziwa, ardhi inakauka na viluwiluwi vinakufa, mashamba yanavunwa na kuna mabua, majani ya karanga na marando ya viazi. Jike aliyezaa hutoa mayai mengi ya minyoo kuliko kawaida kwa wiki kadhaa, kinga yake imeshuka, lakini Mei na Juni mayai hayo yanaangukia kwenye vumbi. Yakimwagika Februari yanaangukia kwenye tope mbele ya pua ya mtoto. Unamwachisha mtoto Agosti au Septemba, na masika ikirudi ana miezi sita na zaidi, mwili wake umeanza kujua kupigana. Kati ya mambo yote niliyoandika hapa, hili la kuhamisha uzazi ndilo linalogharimu kidogo na kuokoa wengi.

Kuhusu mbuga, usiiache. Ibadilishie wakati. Desemba hadi Aprili kondoo wasishuke, au washuke kwa nadra. Hapo ndipo mahali pa ng'ombe wakubwa wa baba mkwe. Minyoo hii ya kondoo ikimezwa na ng'ombe mzima hufa bila kumdhuru sana, kwa hiyo ng'ombe wanawasafishieni. Kondoo wabaki kwenye luseni palipobaki: kingo za mashamba, njia, vilima vya mawe, viraka vilivyopumzishwa. Palikolimwa hamuwezi kupata pote, najua. Kondoo watapata nyasi pungufu, lakini mtazika wachache. Kuanzia Juni mbugani panakauka, shukeni, ila kaeni mbali na mashimo ya maji yanayobaki kandokando ya majaruba. Konokono wa hapo hubeba minyoo bapa ya ini, na ivermectin, dawa nyingine ya minyoo, haiigusi minyoo hiyo.

Ile saa moja asubuhi ni saa mbaya wakati wa mvua. Viluwiluwi hupanda jani na umande, kiasi cha upana wa vidole viwili vitatu kutoka chini, na kondoo hula kwa kunyoa chini, si kama mbuzi anayeinua kichwa kwenye vichaka. Fungua saa nne, umande ukiisha, waende moja kwa moja mpaka jioni, wapumzike kivulini huko huko malishoni. Watoto wana shule, naelewa. Zungumza na mume wako huyo aliyenyamaza, apange mchungaji mmoja na jirani. Na eneo mkililisha siku nne au tano, lihameni, msilirudie kwa wiki tano au sita. Kwenye joto letu viluwiluwi vingi vitakuwa vimekwisha nguvu.

Dawa sasa. Kumpa kila mmoja kila mwezi kizibo kile kile kumewafunza minyoo kuishi na albendazole. Kondoo mkubwa chotara alipata pungufu, minyoo dhaifu ikafa, hodari ikabaki na kuzaana. Tena albendazole haifai kwa jike katika mwezi wa kwanza wa mimba, inaweza kuharibu kiumbe. Peleka kinyesi cha kondoo kumi maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapo Tabora mjini kabla ya dawa, na tena baada ya siku kumi hadi kumi na nne, utajua kama dawa bado inafanya kazi au uhamie aina nyingine. Kisha jifunze kusoma jicho. Vuta kope la chini taratibu, tazama utando wa ndani. Afrika Kusini wametengeneza kadi ya rangi tano, kutoka nyekundu iliyokoza mpaka nyeupe kama karatasi, muulize afisa mifugo wako. Mweupe mpe dawa, kwa uzito wake halisi. Mwekundu mwache. Huyo mwekundu akiacha minyoo isiyoijua dawa malishoni, ni faida, inachanganyika na ile sugu na kuipunguzia nguvu. Fanya hivyo kila wiki mbili masika, na kila jicho liandike kwenye daftari lako, jina la mama pembeni.

Kwa kiangazi tengeni ngitili. Baba mkwe ataijua hii kuliko mimi. Eka mbili tatu zifungwe mvua inapoanza, zifunguliwe Agosti au Septemba kwa wanakondoo walioachishwa na majike waliokonda tu. Jirani zetu wa Shinyanga walikuwa wamezipoteza ngitili zao na wakazifufua chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kuanzia 1986, miti ikarudi na majani pia. Majani makavu ya Oktoba yana protini kidogo mno hata tumbo la kondoo linashindwa kuyasaga, anashiba na bado anakonda. Gramu mia moja za mashudu ya alizeti au ya pamba kwa kila mwanakondoo kwa siku zinaliamsha tumbo, naye anakula mabua mengi zaidi. Chumvi ya kulamba isiwe ya nguruwe wala ya ng'ombe, shaba iliyomo inaua kondoo polepole.

Wasomaji wangu wa Sikonge, Urambo na Kaliua, na ninyi wa Kasulu na Kibondo upande wa Kigoma, haya ya Nzega msiyachukue yote kama yalivyo. Mlioko kwenye miombo yenye ndorobo mna adui mwingine kabla ya minyoo, na dume kutoka nyanda zisizo na ndorobo anaweza kufa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, kabla hajampanda jike wa tatu. Kwenu nasema tafuteni dume aliyezaliwa humo humo.

Mama wa Daftari, jambo la mwisho. Katika wale 16 wa chotara wamepona wawili. Ni robo tatu damu, wamezaliwa na baba na binti yake, wamekula mbuga ya Februari, na wako hai. Kama yupo jike kati yao usimpeleke mnadani kwa bei yoyote. Mfunge kamba ya rangi shingoni, Desemba ijayo akiwa amefikia mwili apandwe na dume mpya. Kama ni dume, ahasiwe kama wenzake. Na fungua daftari uangalie mama zao: ni majike wawili tofauti au ni mmoja aliyezaa mapacha? Niandikie jibu la hilo, nalisubiri.